Mzee mwenye moyo kufeli: namna ya kumpima na kumhudumia kuanzia mlangoni mpaka anaruhusiwa

Manesi wenzangu na nyie wanafunzi mlioko fildi, mzee akiletwa anahema, midomo imekuwa ya bluu, kila mtu wodini anakimbia, huyo hatumsahau. Ninayemhofia mimi ni yule anayeingia kwa miguu yake ameshikwa mkono na mjukuu, wanasema babu siku hizi amepoa tu, chakula hagusi, mchana anasinzia usiku halali, juzi ameanguka njiani kwenda chooni. Presha inasoma 110 kwa 70, homa hana, kifua hakimuumi, anaandikiwa malaria au yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) na kupewa kitanda cha pembeni, kumbe moyo ndo umechoka na maji yanajaa taratibu. Wazee wengi hawaji na ile picha ya darasani. Hawalalamiki kukosa pumzi wakitembea kwa sababu wameshaacha kutembea, na ukimuuliza unajisikiaje mzee wangu atakwambia namshukuru Mungu.

Kwa hiyo kuna jambo moja naomba ulishike kabla ya mengine yote. Usimpime huyu mzee kwa namba za kawaida peke yake, mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana, wa wiki iliyopita, wa Idi au Krismasi iliyopita. Presha ya 110 ni nzuri kwa mtu mwingine, ila kwa bibi aliyeishi na 170 miaka kumi hiyo ni habari mbaya na mtu anatakiwa aamke amtafute daktari.

Kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe halafu twende kazini. Moyo kufeli haimaanishi umesimama, maana yake hausukumi damu ya kutosha mahitaji ya mwili, au unasukuma ila kwa kulazimisha mpaka presha ndani yake inapanda na maji yanarudi nyuma. Upande wa kushoto ukizidiwa maji yanaenda kwenye mapafu, wa kulia ukizidiwa yanaenda miguuni, tumboni na kwenye ini, na kwa wazee mara nyingi vyote viwili viko pamoja. Eko, kile kipimo cha moyo cha picha za mawimbi ya sauti, itakupa asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo, 40 kushuka chini ni moyo dhaifu, 50 kwenda juu inaweza kuwa moyo uliokakamaa, na huu wa kukakamaa ndo unawashika sana kina bibi wenye presha ya miaka mingi. Ukiona eko imeandika asilimia 55 usiseme moyo wake mzima, mwangalie miguu na kifua kwanza. Chanzo kikubwa kwetu ni presha, utafiti wa wagonjwa wa moyo kufeli uliofanyika Muhimbili na kutoka mwaka 2014 ulikuta hivyo. Na ule mkubwa wa nchi 9 za Afrika uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa 1,006, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52 tu, yaani huku kwetu ugonjwa huu unawapata watu wakiwa bado na nguvu zao, ndo maana akija mwenye miaka 78 mwenye sukari, figo zimechoka na magoti yanauma, inabidi uache mazoea ya wale vijana na uende naye kivyake.

Maswali kwanza, na umuulize nani

Msalimie vizuri, shikamoo yake aipate, kaa chini usimuongeleshe umesimama umeshika faili. Kama hasikii vizuri sogea mbele yake akuone mdomo. Halafu usiulize "unakosa pumzi?" maana atakujibu hapana na wewe utaandika hapana. Uliza aliacha kufanya nini. Mwaka huu mwanzoni ulikuwa unaenda msikitini kwa miguu mzee? Kanisani je? Uliacha lini? Kuoga unaoga mwenyewe au unaogeshwa? Unapumzika mara ngapi toka chumbani mpaka chooni? Majibu hayo ndo yanakupa daraja la ugonjwa, yule anayechoka akipanda ngazi si sawa na anayechoka akivaa kanzu, na anayehema amekaa tu huyo yuko daraja la 4, la juu kabisa, na hatakiwi kuwa mbali na macho yako.

Usingizi uulize kwa undani. Analalia mito mingapi, na zamani ilikuwa mingapi? Kuna wazee hawana hata mito ya ziada, wanalala wamekaa kwenye kiti au wameegemea ukuta, na familia inadhani ni uzee tu. Anaamka usiku wa manane amekabwa anakimbilia dirishani? Anaamka kukojoa mara ngapi? Kikohozi cha usiku je? Kuna wengi wametibiwa pumu au wameambiwa ni kifua baridi wakati kikohozi kinakuja akilala flati tu na akikaa kinapoa.

Halafu mvute pembeni anayeishi naye. Sisemi yule aliyekuja na gari toka mjini na kulipa bili, namaanisha yule dada au mjukuu anayepika na kumpa dawa. Huyo ndo anajua kwamba dawa ziliisha wiki mbili zilizopita, kwamba wanagawa kidonge nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi, kwamba babu ananunua diklofenaki ya magoti duka la dawa kila wiki. Hiyo ya diklofenaki na ibuprofeni iulize kila mgonjwa, kila mara, kwa sababu dawa hizi zinashika chumvi na maji, zinaumiza figo na zinaua nguvu ya dawa ya kukojoa, nimeona wazee wanalazwa tena na tena na hakuna aliyeuliza. Uliza pia dawa za miti shamba, deksamethasone au prednisoloni za maumivu, na vile vidonge vya kuchemka kwenye maji maana vingi vina sodiamu. Waambie walete dawa zote kwenye mfuko, hata zilizoisha waje na makopo.

Kingine cha kutafuta ni kilichoamsha ugonjwa. Moyo uliokuwa umetulia hauharibiki bila sababu, kuna nimonia, kuna upungufu wa damu, mapigo yaliyovurugika, mshtuko wa moyo wa kimya kimya bila maumivu ya kifua, tezi ya shingo, sherehe ya wiki iliyopita iliyokuwa na pilau na nyama za chumvi, au dawa zimeachwa tu. Usipokipata utamkausha maji leo na mwezi ujao yuko kitanda kilekile.

Sasa mpime

Kabla hujamgusa simama umwangalie dakika moja nzima. Hesabu pumzi bila kumwambia unahesabu, dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa wazee pumzi haziko sawa. Kawaida ni 12 mpaka 20, zikipita 25 mchukulie ana shida kubwa hata kama anatabasamu. Sikiliza anaongea sentensi nzima au anakata katikati kuvuta hewa. Angalia kama anainama kufunga kiatu na kukabwa.

Mapigo nayo dakika nzima, na kama hayana mpangilio waite wawili, mmoja asikilize moyo kwa stetoskopu na mwingine ashike mkono, muhesabu kwa pamoja dakika ileile. Moyo ukisomeka 118 na mkono 92 maana yake kuna mapigo 26 ambayo hayafiki mkononi, andika zote mbili usichague moja.

Presha usiiangalie ya juu tu. Toa ya chini kwenye ya juu uone pengo. Mzee mwenye 100 kwa 80 pengo lake ni 20, ambayo ni chini ya robo ya ile ya juu, na hiyo inatuambia moyo unatoa damu kidogo sana. Mshike miguu na mikono, ikiwa ya baridi na mzee kachanganyikiwa na mkojo ni mdogo, usisubiri raundi ya asubuhi. Kama anaweza kusimama mpime amelala, halafu amesimama dakika 1 na dakika 3, ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10 huyo ataanguka chooni, andika kwa kalamu nyekundu kama wodi yenu inaruhusu.

Shingo. Muinue kitanda nyuzi 45, kichwa kigeuke kidogo kushoto, mwanga utoke pembeni, uangalie mshipa wa kulia. Ukiona unadunda juu zaidi ya sentimita 3 au 4 kutoka ile kona ya mfupa wa kifua, damu imerudi nyuma. Kwa mzee aliyekonda inaonekana vizuri sana ukiwa na subira, kwa mnene ni ngumu na usidanganye kwenye faili.

Kifua msikilize kwa nyuma, anzia chini upande kwa upande. Ile sauti ya maji inafanana na nywele ukizisugua katikati ya vidole karibu na sikio. Mwambie akohoe halafu sikiliza tena, ikibaki palepale ni ya kuhesabu. Ila mzee aliyelala kitandani siku nzima anaweza kuwa na sauti kidogo chini kabisa bila maji, ndo maana nasema andika imefika wapi, chini tu, katikati au mpaka juu, ili wa zamu ya usiku ajue imepanda au imeshuka. Upande mmoja ukiwa kimya kabisa fikiria maji yako nje ya pafu, na ukisikia mluzi usikimbilie kusema pumu.

Miguu bonyeza juu ya mfupa wa muundi kwa kidole gumba sekunde 5 au zaidi, toa, pitisha kidole uone shimo. Shimo la milimita 2 liandike kiwango cha 1, la 8 kiwango cha 4, na uandike limefika wapi, kifundo, katikati ya muundi, goti, paja. Sasa hapa wengi wanapitwa. Mzee asiyetoka kitandani maji hayakai miguuni, yanashukia mgongoni chini juu ya makalio na nyuma ya mapaja, kwa hiyo mgeuze ubonyeze huko, kwa wanaume angalia na korodani kwa staha, pazia limefungwa. Mguu mmoja ukivimba peke yake na una joto hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, usiisukumie kwenye moyo. Na angalia kama anakunywa amlodipini, ile dawa ya presha inavimbisha vifundo kwa baadhi ya watu bila moyo kuwa na kosa. Tumbo nalo liguse, ini lililovimba linauma upande wa kulia na ndo linafanya chakula kisipite, anashiba kijiko cha tatu.

Akili usiiache. Muulize leo siku gani, yuko wapi, mwambie ataje siku za wiki kurudi nyuma. Aliyekuwa sawa jana na leo anavua nguo na kung'oa kanyula (ile sindano ya plastiki ya mshipani), kabla hujamfunga mikono au kuomba dawa ya usingizi weka oksimita (kipima oksijeni) kidoleni, pima sukari, pima presha, angalia mkojo umetoka. Mara nyingi fujo ya usiku ni oksijeni imeshuka au kibofu kimejaa.

Akija amezidiwa

Mkalishe wima, miguu ining'inie chini ya kitanda kama presha yake inaruhusu, mto au meza mbele aegemee. Hiyo peke yake inampa pumzi kabla hujafungua dawa yoyote. Oksijeni mpe oksimita ikisoma chini ya asilimia 90, usimuwekee tu kwa sababu ndugu wanataka waone bomba puani, na kama ana ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu lengo lake ni 88 mpaka 92. Fungua mshipa, toa damu ya figo, potasiamu, wingi wa damu na sukari kwa wakati mmoja asichomwe mara mbili, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ipigwe. Dripu ya maji usiweke kwa mazoea, hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu tunayo tabia ya kila anayelazwa kupachikiwa dripu, na huyu mtu anazama tayari.

Furosemidi ya mshipa, ile wengi tunaiita Lasix, inaanza kazi ndani ya dakika 5 hivi na kilele chake ni nusu saa. Isukume taratibu, dozi kubwa isizidi miligramu 4 kwa dakika, ukikimbiza unaweza kumharibia masikio mzee ambaye tayari hasikii vizuri. Kabla hujaichoma hakikisha chombo cha mkojo kiko pale pale na saa umeandika, maana masaa 6 ya kwanza ndo yanakuambia kama dozi imetosha. Tunataka mkojo wa mililita 100 mpaka 150 kwa saa kwenye masaa hayo, ukipata 40 tu piga simu kwa daktari sasa hivi, usimsubirishe mpaka kesho. Katheta (mpira wa mkojo) weka kama amezidiwa kweli au mkojo hautoki, akipata nafuu itoe mapema kwa sababu kwa wazee ni njia ya bakteria na ni kamba ya kumfunga kitandani. Asiye na katheta anayevaa pampasi, pima pampasi kavu kwenye mizani, pima iliyolowa, gramu zilizozidi ndo mililita zake.

Kaa naye. Mtu anayekosa hewa anaogopa kufa, na hofu inaongeza mapigo. Mshike mkono, ongea pole pole, kama ndugu mmoja anatuliza mruhusu abaki na wengine wanaolia watoke kwa upole.

Uzito, mkojo na maji ya kunywa

Kama wodi yako ina kifaa kimoja tu chenye kufanya kazi naomba kiwe mizani. Pima kila asubuhi, amekojoa, hajala, nguo ileile, mizani ileile, saa ileile, halafu andika hapohapo. Kilo moja ni kama lita moja ya maji. Ikipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 maji yanarudi hata kama miguu bado haijavimba, ikishuka kasi na mzee ana kizunguzungu, ulimi mkavu, presha inashuka akisimama, umemkausha kupita kiasi na figo ndo zitalipa. Hii ya pili tunaisahau kwa sababu tunafurahi miguu imekauka.

Maji ya kunywa si kila mgonjwa anabanwa, ila aliyezidiwa sana au sodiamu imeshuka daktari ataandika lita 1.5 mpaka 2 kwa siku. Njia inayofanya kazi kwa familia zetu ni chupa ya lita moja na nusu. Asubuhi ijazwe maji mpaka juu, hiyo ndo posho yake ya siku. Akinywa kikombe cha chai, mimina kikombe kilekile cha maji kutoka kwenye chupa, akinywa uji hivyohivyo, supu hivyohivyo, soda hivyohivyo, chupa ikiisha siku imeisha. Hakuna hesabu, hata bibi asiyesoma anaielewa, na ndugu wakija na chupa ya juisi wanaona wenyewe iliyobaki. Mdomo ukikauka mpe vipande vidogo vya barafu, asukutue, paka mafuta midomo.

Dawa, na vitu vya kuangalia kabla hujampa

Furosemidi ya vidonge mpe asubuhi, ya pili kama ipo iwe saa nane mchana, usimpe jioni, maana ukimpa saa mbili usiku umemuamulia aende chooni gizani mara nne na hapo ndo nyonga zinavunjika. Digoksini, dawa ya kupunguza mapigo na kuupa moyo nguvu, sikiliza moyo dakika nzima kwanza, ikiwa chini ya 60 simama, mwambie daktari. Mzee mwenye figo dhaifu digoksini inajaa mwilini na dalili zake za mwanzo ni kichefuchefu, chakula hataki, anachanganyikiwa, anaona vitu vya njano, na potasiamu ikiwa chini inazidi kuwa sumu. Spironolaktoni inapandisha potasiamu, ikipita 5.5 usitoe kabla ya kuongea na daktari. Enalaprili na kaptoprili, dawa za kushusha presha na kuupunguzia moyo kazi, angalia presha na kikohozi kikavu kisichoisha, na uso au ulimi ukivimba hiyo ni dharura. Kavediloli, dawa ya kutuliza mapigo, mpe na chakula, haianzishwi mtu akiwa amejaa maji, ila aliyekuwa anaitumia usiikate mwenyewe. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, dawa za sukari zinazosaidia na moyo, asafishe sehemu za siri vizuri kwa sababu ya fangasi, na akiwa anatapika au hali kitu mwambie daktari isimamishwe.

Kreatinini, ile namba ya damu inayopima figo, ikiwa ya kawaida isikudanganye. Mzee aliyekonda hana nyama za kutosha, kwa hiyo namba inaweza kuonekana nzuri na figo zimeshapungua nusu. Omba hesabu ya figo ifanywe kwa umri wake.

Ngozi, kutembea, na usiku

Ngozi iliyovimba maji ni nyepesi, inachanika kwa plasta. Mgeuze kila masaa 2, visigino vining'inie bila kugusa godoro kwa kuweka mto chini ya shavu la mguu, kausha vizuri katikati ya vidole. Akikaa kiti inua miguu, ila si pale anapohema.

Akitulia mtoe kitandani. Kuna imani kwamba mgonjwa wa moyo asifanye chochote, na familia inakatazana mpaka kumlisha. Siku chache tu za kulala zinamaliza misuli ya mzee na hairudi kirahisi. Siku ya kwanza akae ukingoni, ya pili kiti, halafu hatua chache na wewe pembeni, pima mapigo na pumzi kabla na baada. Akishindwa kuongea akitembea, akaanza kutokwa jasho au kizunguzungu, mrudishe apumzike. Kukenya chooni nako kunamchosha moyo, choo kisipotoka siku 2 usinyamaze.

Jikoni

Hapa ongea na anayepika. Chumvi yote ya siku ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo inahesabu iliyoko kwenye mkate na kila kitu. Ng'onda na papa wa chumvi, dagaa waliochovywa chumvi, viungo vya pakiti na vile vya kibonge, chipsi za barabarani, hivyo vipungue kwanza kabla hujagombana na mzee kuhusu chumvi ya kwenye ugali ambao hauna chumvi. Na magadi! Maharage na mlenda vinawekwa magadi na watu wanasema chumvi hatujaweka, magadi ni sodiamu tupu. Badala yake ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili kama tumbo linaruhusu. Zile chumvi zinazouzwa kama za wagonjwa wa presha nyingi zina potasiamu, akiwa anatumia spironolaktoni asiziguse, na madafu nayo kwa wa Pwani apunguze, yana potasiamu nyingi. Milo iwe midogo mara tano, sahani iliyojaa inamkaba. Akikonda huku miguu imevimba usifurahie uzito, huyo anakwisha nyama na anahitaji mayai, samaki wabichi, maharage yasiyo na magadi.

Ramadhani ikikaribia uliza mapema kama anafunga. Usimkatalie juu kwa juu wala usinyamaze, kaeni na daktari na hata imamu wake mjadiliane dawa na maji, kwa sababu ukikaa kimya atafunga na ataruka dozi bila kukuambia.

Kumruhusu

Kuruhusiwa kunaanza siku ya pili wodini, si dakika tano za mwisho na karatasi mkononi. Kila siku mfundishe kitu kimoja na umwambie akurudishie kwa maneno yake, "bibi, ukifika nyumbani kidonge hiki cheupe unakinywa saa ngapi na kwa nini?" Kama hasomi chora jua kwenye pakiti ya asubuhi na mwezi kwenye ya usiku. Nyumbani kama hakuna mizani apimwe zahanati au duka la dawa lenye mizani, na katikati ya wiki familia itumie futi kamba kuzungushia muundi mahali palepale palipowekwa alama ya kalamu, au waangalie kandambili zinavyobana jioni.

Waandikie kwa Kiswahili kwenye karatasi moja. Uzito umepanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, anaongeza mito, viatu vinabana, amechoka kuliko juzi, kikohozi cha usiku, hapo wapige simu au waje zahanati siku hiyo. Anahema amekaa, kifua kinauma, amezimia, midomo ya bluu au amechanganyikiwa ghafla, waje hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri kukuche. Na wasisubiri mwana mkubwa arudi safari ndo aamue.

Kuna wazee ambao hata tukifanya yote haya wanarudi kila mwezi, kila mara dhaifu zaidi, dawa presha inazikataa na figo zinakataa. Kwa hao mazungumzo ya anataka nini yafanyike akiwa ana akili zake timamu, si pale anapokoroma. Muulize mwenyewe, si wanae peke yao. Wengine wanataka kurudi kijijini, wengine wanataka pumzi isiwakabe tu usiku. Dozi ndogo ya mofini ya kunywa inaweza kupunguza ile hali ya kukosa hewa, timu ya huduma shufaa (wanaopunguza mateso ya mgonjwa asiyepona) ipo kwenye hospitali nyingi kubwa na unaweza kuiita mapema huku matibabu ya moyo yanaendelea.

Kliniki ya kwanza iwe ndani ya wiki 1 mpaka 2, tarehe iandikwe kabla hajatoka getini na namba ya simu ya yule anayepika na kumpa dawa ibaki kwenye faili. Aje na dawa zote kwenye mfuko na daftari la uzito, na damu ya figo na potasiamu ichukuliwe asubuhi akifika, ili anapoingia kwa daktari majibu yawe yameshafika mezani na dozi ipangwe kwa majibu ya siku hiyo.